DVD ya Kukhu Marita

Enzi zetu, mtu akioa hapa Kakamega, ndoa yake haikuhesabika kuwa imekamilika mpaka DVD itoke. Mchungaji angesema alichosema, pete zikavaliwa, keki ikalishwa, lakini majuma yakipita bado ungesikia watu sokoni wakiulizana, "Na ile video ya arusi ilitokanga?" Ikitoka, ukoo mzima ulijazana sebuleni kwa mwenye televisheni kubwa, na kila mtu akaanza kujitafuta mle ndani. Hakuna aliyemwangalia bibi harusi. Ole wake mpiga picha aliyemruka shangazi wa bwana harusi, maana shangazi huyo hangemsalimia mpaka Krismasi.

Nayajua haya kwa sababu nililelewa ndani ya studio. Ilikuwa chumba kimoja kwenye safu ya maduka nyuma ya soko, kulia saluni, kushoto mashine ya kusaga posho ya Mzee Shivachi. Baba ndiye aliyeshika kamera. Alizunguka arusi na mazishi kutoka Mumias mpaka kule Buyangu kwenye msitu, akirudi na viatu vya matope na sahani ya ingokho, kuku wetu wa kienyeji, iliyofunikwa kwa karatasi. Mama hakutoka. Yeye alikaa kwenye kompyuta, akakata, akaunga, akaweka nyimbo na maua ya kuzunguka zunguka, kisha akachoma DVD. Kompyuta yenyewe ilikuwa na kichogo kikubwa, na kila jioni Mama aliifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono, akikivuta pembe zote zilingane. Sisi watoto hatukuwahi kufunikwa kwa uangalifu wa namna ile.

Tulitoka shule mimi na kaka yangu Tito, sweta zimefungwa kiunoni, magoti mekundu kwa udongo, mifuko imejaa mapera mabichi tuliyokatazwa kula. Ilibidi tukimbie, kwa sababu mvua ya Kakamega ya mchana mnaijua nyinyi mliokulia hapa, haikosi na haiombi ruhusa. Tulifika tukilowa, tukapewa chai na viazi vitamu, na unga mweupe wa Mzee Shivachi ukiingia kupitia dirishani na kutua juu ya chai. Mpaka leo chai isiyo na harufu kidogo ya mahindi yaliyosagwa naiona kama ina upungufu fulani.

Michezo tulicheza, kati na banta na kusukuma tairi, lakini mchezo mkubwa wa nyumba yetu ulikuwa kutotikisika. Mama akishabonyeza kitufe na kompyuta ikaanza kugeuza video ili iingie kwenye diski, hakuna aliyeruhusiwa kutembea, kufunga mlango, wala kuegemea meza. Aliyekamatwa amesimama alibaki amesimama. "Mkitikisa hii meza," Mama alisema, "mtaenda kuelezea bibi harusi nyinyi wenyewe." Tito aliwahi kubaki na kipande cha kiazi mdomoni bila kutafuna, macho yamemtoka, mpaka kikayeyuka chenyewe. Watoto wangu hawawezi kukaa kimya hata tangazo moja likipita. Ningewapa siku moja tu katika ile studio.

Asilimia sisi tulijifunzia pale, kwenye kile kimstari cha buluu kilichojaa polepole kama maji ya mferejini wakati wa kiangazi. Siku mwalimu alipouliza darasani, ukitoa sitini na tatu kwa mia inabaki ngapi, niliinua mkono hata kabla hajamaliza. "Thelathini na saba, mwalimu, na hapo ndipo inahanginga." Aliandika jibu ubaoni, akaendelea na somo.

Maana ilihang, jamani. Kimstari kingefika katikati, au karibu kabisa na mwisho, halafu kishale kigande, dirisha la ile programu lipauke kama uso wa mtu aliyesikia habari mbaya, na kila kitu kijifunge. Kila mtu kwenye safu alikuwa na maelezo yake. Wa saluni walisema ni joto, kwa hiyo Mama akaifungua kompyuta ubavu, ikawa inafanya kazi uchi huku feni ya mezani ikiipepea. Baba alisema ni diski za bei rahisi. Tito alisema ni kirusi, na Mama akasema kirusi ni michezo ya magari ambayo Tito ameijaza humo mpaka video inakosa pa kukaa, akaifuta yote mbele ya macho yake. Tito alilia kweli kweli. Mzee Shivachi, mtu mpole mwenye nyusi nyeupe kwa unga, yeye alikubali moja kwa moja kuwa kosa ni lake, kwa sababu mashine yake ilipowashwa taa za safu nzima zilififia. Kwa hivyo walipatana. Mama akitaka kuchoma, alibisha ukutani, na Mzee angemaliza debe lililokuwa likisagwa kisha azime.

Hicho kitu siku hizi huwezi kukielezea mtu akakuamini. Wanawake walikaa kwenye foleni na mahindi yao, watoto nyumbani wanasubiri obusuma, ugali wetu, lakini waliposikia kwa mama Rodah kunachomwa, waliketi. Rodah ndiye mimi. Saluni nayo ilizima mashine ya kukausha nywele, na wateja wakatoka na rola zao kichwani kuja kuchungulia mlangoni. "Imefika wapi?" Nami nikiwa nimesimama kama nguzo niliwajibu bila kugeuza shingo.

Halafu Kukhu Marita akatutoka.

Alikuwa mama yake Baba, akikaa Khwisero. Siku za soko alikuja na kikapu, kuku mmoja kichwa nje, akaketi kwenye benchi ya studio na kuangalia arusi za watu asiowajua. Alizipenda kuliko chochote. "Simamisha hapo, mama Rodah," angesema, na Mama angesimamisha picha ili Kukhu aikague gauni ya mtu. "Huyu alishoneshwa na adui yake." Alinukia moshi na mboga ya mrenda, na mfukoni mwa aproni yake palikuwa na karanga zilizoshikana na nyuzi, ambazo tulizila hivyo hivyo. Nilimpenda vibaya sana. Alipolala na hakuamka, nilikaa kwenye ile benchi nikakataa kuondoka.

Baba alikuwa na mdogo wake, baba mdogo Jairo, kitinda mimba wa Kukhu, ambaye wakati huo alikuwa Kanada. Makaratasi yake ya kuishi kule yalikuwa bado hayajakubaliwa. Angetoka, hangerudi, na mkewe na mtoto mchanga walikuwa kule. Hakuja kumzika mama yake. Alipiga simu, Baba akaiweka kwa sauti kubwa ili sote tusikie.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi sina mengi. Hotuba unaweza kata. Hata ningekuwa huko nisingesikilizanga hotuba. Lakini udongo usikate. Nataka kuona mama akifunikwa."

"Utaona," Baba akamwambia.

Mnajua kwetu udongo ni nini. Jeneza likishashuka, watoto wa marehemu wanaitwa wa kwanza, kila mmoja anachota kwa mkono na kutupa, na asiyetupa wake anabaki kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Baba mdogo Jairo alijua jina lake litaitwa na hapatakuwa na mkono. Kutuma video kwa mtandao hakukuwezekana, kwa kuwa kule saiba, kwenye intaneti ya kulipia, picha moja tu ilichukua muda wa kufua na kuanika. Lakini Everlyne, binti ya jirani, alikuwa akienda kusoma katika mji ule ule, na alikuwa aondoke Jumapili iliyofuata mazishi. Angebeba DVD kwenye mkoba wake.

Wazee walimshauri Baba amwachie mtu mwingine kamera, kwamba mtoto hapigi picha mazishi ya mama yake. Alikataa. Alisema hakuna mwingine anayejua Jairo anataka kuona nini. Siku ya mazishi nilimwona akizunguka watu na suti yake ya arusi, jicho moja kwenye kamera, la pili limefumbwa, na machozi yanatoka kwenye lile lililofumbwa.

Tuliporudi mjini Mama aliunganisha kila kitu. Diski ya kwanza, ya ibada na zile hotuba, ilitoka bila shida. Hotuba hazikukatwa, usinichekeshe, nani angethubutu kumkata chifu? Diski ya pili ndiyo ilikuwa ya kaburini, na ndiyo iliyotushinda. Kimstari kilifika juu kidogo ya nusu, dirisha likapauka, programu ikajifunga. Mama akarudia. Ikajifunga. Akaitoa programu nzima na kuiweka upya. Ikajifunga. Akabisha ukutani, Mzee Shivachi akazima, saluni wakazima, hata fundi wa kuchomelea milango kule mwisho wa safu akaambiwa, akaweka chini chuma chake. Safu nzima ikanyamaza mpaka ukasikia mvua ikidondoka kutoka kwenye mabati. Tulisimama wote. Kimstari kikapanda, kikafika pale pale, kikaganda.

Watu mlangoni wakaguna. Mama mmoja mwenye beseni la mahindi alisema kwa sauti ya chini, "Marehemu ndiye anakataa." Hakuna aliyemkemea. Mimi mwenyewe nilianza kufikiri huenda Kukhu ameona gauni asiyoipenda.

Jumamosi ikafika, na Everlyne ameshafunga mizigo. Baba alikuwa anaingia na kutoka, hakai. Mama alitazama ile kompyuta kama anavyotazama mtoto anayeficha kitu, kisha akasema, "Kama ni stima, ingekufanga popote. Mbona inakufa mahali pamoja?" Akaikata video vipande vipande, akawa anageuza kila kimoja peke yake, kama mtu anayechagua maharagwe kwenye ungo. Kipande cha wimbo, kizuri. Cha jeneza likishushwa, kizuri. Cha watoto wa marehemu wakiitwa mbele, ikajifunga. Akakichukua hicho akakikata tena, na nusu moja ikapita, nyingine ikajifunga. Aliendelea hivyo mpaka akabaki na kijipande kidogo tu. Akachukua kamera akakicheza kwenye kile kioo chake kidogo, nami nikachungulia chini ya mkono wake.

Niliona rundo la udongo mwekundu. Niliona mkono wa Baba ukitoka pembeni ya picha, na saa yake ya mkono ninayoijua, ukichota. Mkono ukatupa. Ukarudi kuchota tena. Halafu picha ikapinduka, pakaonekana mbingu, majani, kiatu cha mtu, kisha vigae vigae vya rangi, na mwisho.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Niliiangusha," alisema. "Betri ikatoka. Nilikuwa nimetupa wangu, nikasema nitupe na wa Jairo, aone ukienda. Kuishika kwa mkono mmoja kukanishinda."

Hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa ameokota kamera, akairudishia betri, akaendelea kupiga picha mpaka kaburi likajaa. Mle mwanzoni mwa picha mpya watu walikuwa wameshika majembe tayari. Kitu kimoja ambacho ndugu yake aliomba ndicho kilichovunjika.

Nakumbuka waliongea kwa Kiluhya, polepole, na hiyo ilikuwa dalili kwamba mambo ni mazito. Baba alitaka Mama aunge pale pale, jeneza kisha majembe, aweke maua yake ya kuzunguka katikati, Jairo asijue. Mama, ambaye aliwahi kuficha mlevi aliyeangukia keki hata mwenye arusi asigundue, alikataa. Alisema arusi ataipamba, lakini hawezi kumdanganya mtu kuhusu kaburi la mama yake. Kisha akakitoa kile kijipande kibovu, na mahali pake akaweka giza. Juu ya giza akaweka sauti ya kwaya aliyoichukua kwenye kipande cha mbele, ubeti mmoja wa wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu majembe.

Alipobonyeza kitufe hakubisha ukutani. Hakukuwa na haja tena, ugonjwa ulikuwa umejulikana. Lakini Mzee Shivachi, aliyekuja Khwisero kutuzikia, alikuwa ameona Everlyne akiingia, akazima mwenyewe. Na saluni ikazima. Nilisimama kama nguzo kwa mazoea, Baba akasimama kama nguzo, na kimstari kikapita pale mahali pake pabaya bila hata kusita. Kikafika mwisho. Ile trei ya diski ikatoka yenyewe, diski ina joto, na Mama akaandika juu yake kwa kalamu nene, Kukhu Marita, ya pili. Everlyne akaifunga ndani ya kanga.

Baba mdogo Jairo alipiga simu baada ya kuipokea. Alisema, "Nimeona. Asanteni." Hakuuliza kuhusu giza, wala Baba hakueleza. Miaka yote iliyofuata, simu kutoka Kanada ikilia, nilimwona Baba akishusha pumzi kwanza kabla ya kushika. Alikuwa anangoja swali.

Desemba iliyopita baba mdogo alikuja nyumbani, mvi kichwani, koti zito mkononi ambalo alisahau kwamba hapa halina kazi. Tulikaa Khwisero, ukoo mzima, ingokho imepikwa ya kutosha. Vijana walikuwa na simu zao, kila mmoja amejikunja kwenye pembe yake akicheka na watu wasiokuwepo. Ndipo akatoa kwenye begi ile DVD. Msitu ule wa simu na hakuna hata moja inayoweza kuila diski. Binti yangu aliishika kwa ncha za vidole akaniuliza kama ni kama zile tunazotundika shambani kufukuza ndege. Ikabidi Mama avue kitambaa kwenye kompyuta yake ya zamani, ambayo siku hizi iko kwake hapo Khwisero na kila mtu anamwambia aitupe. Ikakohoa, ikawaka.

Tuliangalia. Watu wengi mle ndani hawapo sasa, Mzee Shivachi akiwemo, tai yake imekaa upande. Jeneza likashuka, watoto wakaitwa, kisha giza likaingia na wimbo ukaanza. Baba aliinamisha kichwa. Wimbo ulipokwisha na majembe yakaonekana, baba mdogo akasema tusimamishe.

"Hapa," akasema, "ndio pangu."

Mama akasimamisha picha.

"Siku ile ya kwanza nilikuwa peke yangu kwa nyumba. Giza likakuja na wimbo, nikajua, hawa wameniachia nafasi nitupe wangu. Kulikuwa na chungu cha maua hapo dirishani. Nikachota udongo, nikashika mpaka wimbo ukaisha. Sasa nikakosa pa kuutupa, si ni kwa nyumba ya watu? Nikaurudisha kwa chungu." Alicheka kidogo. "Kila mwaka nafanyanga hivyo. Sijawahi washukuru, kwa sababu nikianza nalianga."

Baba akasogea karibu naye. Akamweleza yote, kamera, betri, ule mkono wa pili uliokuwa umechota kwa jina lake. Wale ndugu wawili wazee walishikana mabega na kulia kwa sauti, bila haya, na Mama akafuta macho kwa kile kitambaa cha kompyuta.

Siku hizi mtu wa Kanada anazika pamoja nasi kupitia simu, moja kwa moja, anaona mpaka jasho la mchimba kaburi. Ni neema, na laiti ingekuwapo wakati ule. Lakini naona picha ikiganda, vijana wanaguna, wanafungua kitu kingine, na waliokuwa wanazikwa wanasahaulika papo hapo. Enzi zetu kitu kiliganda na safu nzima ikaganda nacho, wa posho, wa saluni, wa kuchomelea, tukasimama mpaka kipite. Leo umeme hautikisiki, kila mtu ana mashine yake, na sijui ni nani angezima ya kwake kwa ajili ya msiba wangu.

Siku ile ya Desemba, binti yangu, aliyekuwa ameinamia simu yake wakati giza likielezwa, ndiye aliyetuokoa. Alisema tusibebe tena diski, atatafuta namna ya kuihamishia kwenye simu za wote. Akachomeka waya zake, akawa anafanya haraka haraka, mara akasimama, uso umekunjamana.

"Mami, hapa katikati pameharibika, hakuna picha, ni giza tu. Nipakate?"

"Usikate!" tulisema wote kwa pamoja, mimi, Mama, Baba na baba mdogo, na mtoto wa watu akaachia ile simu kwa mshtuko.